Jumamosi za Karata kwa Ma Adventina

Tulimzika Shabani kule Rwamishenye, na mchana wa matanga nilikaa na wanawake wenzangu kwenye mkeka ndani ya nyumba, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto la watu. Nje wanaume walikuwa wanamsimulia marehemu. Mmoja akasema kwamba Mwalimu Shabani, enzi za ujana wake, alijitolea kwenda kufundisha porini Biharamulo, kwenye mbung'o na simba, wenzake wote walipogoma. Wengine wakaitikia kwa sauti ya chini, yule kweli alikuwa mtu. Binti yake Zainabu, ambaye sasa naye ana wajukuu, akanigusa goti. "Mama, si ndivyo? Wewe si ulifundisha naye?" Nikamwambia, "Nilifundisha naye, mwanangu. Alikuwa mwalimu mzuri sana." Niliishia hapo. Msiba si mahali pa kusahihisha watu, na isitoshe hadithi yenyewe ni ndefu, ina karata ndani yake, na mle chumbani kulikuwa na masharifu wawili. Lakini tangu siku ile mwaka ule umekataa kuniondoka. Nikiosha vyombo naukuta, nikilala naukuta.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka chuoni, nimepangiwa shule moja ya msingi upande wa Muleba, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Shule ilikaa juu ya kilima. Ukisimama kwenye mlango wa darasa la nne uliona migomba inateremka mpaka chini, halafu ziwa, halafu visiwa. Walimu tulikuwa watano pamoja na Mwalimu Mkuu. Mimi nilipewa chumba kimoja kwenye nyumba ya Ma Adventina, mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo aliyekuwa na mtoto mchanga wa uzeeni kama alivyomwita mwenyewe, na mume aliyefanya kazi Mwanza. Nyumba ya pili waliishi wanaume wawili. Projest, Ta Projest kwa heshima ya Kihaya, alikuwa mrefu, mkimya, na suruali yake ilipigwa pasi hata siku za kulima shamba la shule. Shabani alitoka Bukoba mjini, mtu wa mzaha, alivaa kofia yake ya kufuma hata kwenye mvua na alifundisha hesabu kwa kuimba. Mimi na yeye tulikuwa tunataniana tangu wiki ya kwanza. Alinicheka Kiswahili changu cha shamba, nikamcheka Kihaya chake cha sokoni.

Afisa elimu alikuja kutoka Bukoba mwezi wa nane, kwenye Landrover yenye tope mpaka kwenye vioo. Alikunywa chai yetu ya maziwa, akatafuna karanga, kisha akafuta mikono na kusema, "Ndugu walimu, huko Biharamulo kuna kijiji kipya. Watu wamehamia, nyumba zimejengwa, watoto wapo, mwalimu hakuna. Shule hii itatoa mmoja. Serikali haitaki kumlazimisha mtu. Kujitolea ni moyo. Lakini mkikosa moyo, mimi nitawasaidia kuupata." Akacheka, nasi tukacheka, maana ulikuwa wakati wa kucheka afisa akicheka. Alitaka jina kabla shule hazijafungwa. Alipoondoka, Mwalimu Mkuu alisema, "Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nileteeni jina. Sitauliza mmelipataje."

Vijana wa leo watashangaa ilikuwaje tuogope kiasi kile. Basi nieleze. Kwenye gulio la Muleba kulikuwa na mzee mmoja aliyeuza kamba za katani. Alikuwa ameishi huko msituni akarudi na malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Unamuuliza bei, anakujibu nusu, kisha kidevu kinashuka na usingizi unamchukua macho yakiwa hayajafumba vizuri. Unasimama pale na kamba mkononi hujui kama umwamshe. Nilimwona kila Alhamisi. Tangu afisa alipokuja, kila nilipopiga mwayo darasani nilishtuka.

Ma Adventina tulimtoa kwenye hesabu kwa sababu ya mtoto. Tukabaki watatu. Shabani akasema tupige kura, vikaratasi kwenye kofia, mambo yaishe. Projest akakataa. "Kura ni bahati tupu," alisema. "Mimi nimeposa, harusi ni baada ya Pasaka. Sitaki maisha yangu yaamuliwe na kikaratasi. Tucheze poka. Kwenye poka bahati ni nusu, nusu nyingine ni yako mwenyewe." Tulijua alikojifunzia. Kabla ya chuo alikuwa mhudumu kwenye klabu moja kando ya ziwa pale Bukoba, ambako wanunuzi wa kahawa walicheza Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya viti na trei.

"Wewe unaijua, sisi hatuijui," Shabani alimwambia. "Huo ni wizi wenye tai."

"Nitawafundisha yote ninayoyajua," Projest alijibu. "Mwezi mzima, bila kuhesabu. Halafu ndipo tuanze."

"Na dini yangu?"

"Hatuchezei fedha, Shabani."

Shabani alitazama dari. "Tunachezea watu," alisema. "Sijui shehe wangu ataliwekea fungu gani hilo." Lakini alikubali, na mimi nikakubali, kwa sababu katika kura nilijiona nimeshachaguliwa tayari. Kwenye mchezo wa kujifunza niliona angalau mlango.

Tulicheza sebuleni kwa Ma Adventina, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Chumba kile nakiona hata sasa: viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vilivyodariziwa maua, picha ya Bikira Maria ambayo Ma Adventina aliigeuzia ukutani kila tulipoanza, nyasi kavu zilizotandikwa sakafuni kwa desturi ya nyumba za kwetu, na mtoto amelala kwenye kona chini ya kanga. Harufu ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage haikutoka mle. Badala ya fedha kila mmoja alipewa kopo la akamwani, ile kahawa ya kutafuna, na masharti yalikuwa rahisi: kopo lako likiisha, wewe ndiye jina. Ma Adventina ndiye aliyegawa. Kila mtu karata tano, unaweka dau au unatupa, kisha unaruhusiwa kubadilisha zile usizozitaka, kisha dau tena, kisha waliobaki wanafunua. Tatizo la kwanza lilikuwa Shabani kutafuna dau lake akiwa na wasiwasi. Projest akatunga sheria kwamba punje iliyotafunwa haihesabiwi.

Mimi nilikuwa mbovu. Nilitazama nyuso. Shabani akikunja paji la uso nilidhani ana karata mbaya, akitabasamu nilidhani nzuri, kumbe alikuwa ananichezea kama ngoma. Ndipo Projest akaniambia neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote, hata kwenye vikao vya wazazi. "Acha uso wake. Uso unadanganya bure, haugharimu kitu. Tazama anachokilipia. Na usitafute ana karata gani. Huwezi kujua. Tafuta fungu zima la karata anazoweza kuwa nazo, halafu kila anapofanya jambo, ondoa zile ambazo mwenye nazo asingelifanya. Mwisho litabaki fungu dogo. Hapo ndipo uamue." Alinieleza kwamba kule klabuni alisimama nyuma ya mtu mmoja anaziona karata zake, kisha anawatazama wengine mezani wanavyozikisia, na wengi walikosea kwa sababu walichagua karata moja mapema na kuishikilia kama imani.

Siku za kazi nilifanya mazoezi na Ma Adventina. Tukitoka shule alikaa jikoni anamenya ndizi, pakiti ya karata pembeni, mikono yake myeusi kwa utomvu. Alijigawia tano, akazitazama, akaweka kando.

"Nimebadilisha tatu. Nina nini?"

"Jozi."

"Jozi gani?"

"Sijui, Ma."

"Ta Projest amekukataza kusema sijui. Sema zote."

Basi nikazisema. Jozi ya ree, ya wafalme, ya malkia, mpaka ndogo. Akauliza, "Lakini kabla ya kubadilisha nilipandisha dau. Sasa?" Nikaondoa jozi ndogo, maana mwanamke mwenye akili hapandishi dau kwa jozi ya namba tatu. "Na baada ya kubadilisha nikanyamaza?" Nikaondoa watatu wa aina moja. Zikabaki jozi kubwa ambazo hazikupata msaada. Akafunua: wafalme wawili na takataka. "Mawe!" alipiga kelele, yaani mama wee kwa Kihaya, mpaka mtoto akaamka. "Huyu binti ni mchawi!" Akibadilisha moja, nilijifunza, ama ana jozi mbili, ama ana nne za rangi moja au za kufuatana na anaitafuta ya tano, maana tano kamili za namna hiyo hushinda jozi zote. Asipobadilisha hata moja, ama amekamilika ama anakutisha. Nilizisema njiani nikienda kisimani, nilizisema nikisahihisha madaftari.

Lakini ugonjwa ukaniingia. Sikuweza tena kusikia neno la mtu likabaki neno. Mwalimu Mkuu akisema "Kemilembe, leo umependeza", nilianza kuhesabu: amesema hivyo kwa sababu ananionea huruma, au ameshapeleka jina langu, au gauni lenyewe ni zuri tu. Barua ya nyumbani ikichelewa niliiwekea fungu la sababu, na kila sababu ilikuwa kifo cha mtu. Sahani yangu ikawa inarudi jikoni na chakula. Leo naona kwamba mchezo haukunipa wasiwasi ule. Wasiwasi nilikuwa nao, mchezo uliupa utaratibu. Mikono yangu ilitetemeka kila nilipopewa karata, nami nilijichukia kwa hilo, nikaikalia, nikaifunga kwa kanga. Mpaka Jumamosi moja, tulipopumzika, nilisikia Projest na Ma Adventina wanaongea Kihaya jikoni wakidhani nimetoka.

"Omwisiki, huyu binti, anasoma vizuri kuliko Shabani," Projest alisema. "Na mimi simsomi kabisa. Anatetemeka akiwa na karata mbaya, anatetemeka akiwa na nzuri."

Nilisimama nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane nikatabasamu. Kuanzia siku ile niliiacha mikono itetemeke itakavyo.

Mwezi wa kumi na moja ulipoingia, senene walianguka, watoto wakawa wanasinzia darasani kwa kuwakimbiza, na makopo yetu yalikuwa yamejitenga. La Projest lilijaa. Langu na la Shabani yalibaki punje za kutosha kiganja. Shabani alikuwa amepunguza mzaha. Mama yake, bibi mmoja mwembamba wa Rwamishenye, alikuwa ameanza kusumbuliwa na macho, na yeye ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu. Hakulisema hilo mezani hata siku moja. Nililijua kwa sababu kila Ijumaa alipanda baiskeli mpaka barabarani kutafuta gari la kwenda kumwona. Jumamosi alirudi na vumbi, akanawa, akakaa, akacheza.

Jumamosi ya mwisho mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kupaaza sauti. Ma Adventina alikuwa ameacha senene kwenye kikaango, harufu imejaa. Aligawa. Nilifungua karata zangu moja moja: malkia wa kopa, malkia wa pau, na tatu zisizo na maana. Niliweka dau dogo. Projest akatupa zake na kuinuka kwenda kugeuza senene. Shabani akalipa dau langu, hakupandisha. Nikabadilisha tatu, nikapata saba mbili na nne moja. Jozi mbili. Shabani akabadilisha moja. Aliitazama ile karata mpya, akaipanga na wenzake taratibu, kisha akachukua kopo lake lote na kulimimina katikati ya meza. Punje kadhaa zilidondoka kwenye nyasi.

Nikilipa nikashindwa, Biharamulo. Nikitupa, ningebakiwa na punje ambazo zisingenifikisha jioni. Nilifumba macho nikaanza kama jikoni. Amebadilisha moja. Jozi mbili? Shabani akiwa na jozi mbili hawezi kutulia, hupandisha dau kabla ya kubadilisha, amefanya hivyo tangu tuanze, anaogopa kufukuzwa. Leo alilipa tu. Ondoa jozi mbili. Watatu wa aina moja? Angebadilisha mbili. Ondoa. Basi alikuwa na nne za rangi moja au nne za kufuatana, anaitafuta ya tano. Ameipata? Ya kutafuta hivyo hupatikana mara chache, mara nyingi inakosekana. Na aliyeikosa hana njia ya kushinda isipokuwa kumtisha mwenzake. Nilifumbua macho. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka karata zinasikika.

"Mwalimu Kemi," Shabani alisema, bila utani, "tupa tu. Usijiumize."

Nikasukuma punje zangu. "Nalipa," nikasema, nikafunua malkia na saba.

Alizitazama kwa muda. Kisha alichukua karata zake zikiwa zimefunikwa, akazichomeka katikati ya rundo la Ma Adventina na kulivuruga kwa kiganja. "Umeshinda," alisema. Aliinuka, akavaa kofia, akatoka kwenye mvua. Projest alirudi na sahani ya senene, akatukuta mimi na Ma Adventina hatujasogea. Niliinama nikaanza kuokota punje kwenye nyasi, moja moja.

Ningedhani wasiwasi ungeisha hapo. Ndipo ulipoanza kwa kweli. Jumatatu Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya wanafunzi na kusema kwamba Ndugu Shabani amejitolea kwa moyo wa kizalendo, watoto wakapiga makofi. Na jikoni Ma Adventina alinong'ona, "Yule alikuachia, mwanangu. Mwanaume hafunui karata zake, kwa nini? Alikuwa nazo. Alikuonea huruma, au anakupenda." Nilimuuliza Projest. Akasema, "Sikuziona. Sheria haimlazimishi aliyekubali kushindwa kufunua." Nikarudia lile fungu usiku na mchana. Kila nilipolihesabu lilitoa jibu lile lile, na kila nilipomaliza niliona ile karata ya tano iko mkononi mwake na yeye anaifunika kwa ajili yangu. Kama aliniachia, basi sikushinda kitu, na yeye anakwenda kwenye malale kwa sababu nilitetemeka mbele yake. Shabani mwenyewe alinikwepa. Kofia ilipita mbali, ng'ambo ya uwanja.

Kisha mama yake akaja. Aliletwa na lori la kahawa, akaja kuagana na mwanawe shuleni, na kwa kuwa nyumba ya wanaume haikuwa na kitanda cha ziada, alipewa changu. Nilimpikia ndizi na samaki. Alikula akipapasa sahani kwa vidole, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe, binti yangu, hungeweza kwenda wewe? Huna mume, huna mtoto, huna mama kipofu." Nilimwambia, "Shikamoo, bibi," kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akaitikia marahaba. Nikamwongezea samaki.

Gari la Biharamulo lilipita Muleba asubuhi ya siku iliyofuata kufungwa kwa shule. Lilibeba majembe na mabati ya kijiji kipya, na nafasi ya abiria mmoja juu ya mabati. Projest alimsindikiza mama yake Shabani kwenye basi la kurudi mjini, kwa hiyo ni mimi niliyesukuma baiskeli yenye sanduku mpaka barabarani, Shabani akitembea upande wa pili ameshika usukani. Tulipofika, gari lilionekana kwenye kona. Nikajua nisipouliza pale nitauliza maisha yangu yote.

"Shabani. Ulikuwa na nini?"

"Ulidhani nilikuwa na nini?"

"Nne za rangi moja, na ya tano ikakataa."

Alifungua kamba ya sanduku. "Shupaza nne," alisema. "Ya tano ilikuja uru. Tano ya uru, sitaisahau. Ulinisoma kama gazeti."

"Ma Adventina anasema uliniachia."

Hapo aliacha kamba akanigeukia, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Nikuachie? Kemi, mimi naogopa mbung'o kuliko wewe. Wiki nzima sijalala. Na mama umemwona. Nilimimina lile kopo nikuogopeshe, nilikuomba utupe, na kama ungetupa ningeshukuru Mungu na kukusindikiza mimi hapa leo. Sikukuachia. Nilitaka uende wewe."

"Mbona ulizificha karata?"

"Kwa aibu. Nani anataka kuonekana amemwagia msichana kopo zima juu ya takataka?"

Dereva akapiga honi. Tukanyanyua sanduku pamoja, yeye akapanda, nikampa baiskeli akailaza juu ya mabati. Lori lilipoanza kutembea aliinua kofia yake kidogo, akapaza sauti juu ya mlio wa mabati, "Darasa la nne usiwaimbishe hesabu! Sauti huna!" Nikasimama pale mpaka vumbi likatua.

Nilirudi kilimani peke yangu, mwendo mrefu, jua linapanda. Nilikuwa nalia kidogo, lakini nilitembea vizuri. Ma Adventina alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, akanitazama usoni, akaanza kunitafutia maneno ya kunituliza.

"Pole, mwanangu. Amesemaje?"

"Ma," nilimwambia, "kuna ndizi zozote zilizobaki? Nina njaa."